Star Adventurer 2i kwa sisi wa Dar: kitamu, ila kukiseti ni shughuli

Kwa asiyekijua, hiki ni kimota cha Sky-Watcher unakifunga kati ya tripodi na kamera, kinazungusha kamera taratibu kufuata nyota. Bila hicho, lenzi ya 50mm ukizidisha sekunde 10 hivi nyota zinaanza kuwa vistari. Nikiwa nacho naacha dakika nzima na zaidi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) nashusha mpaka 800, Njia ya Maziwa pale kwenye mkia wa kundinyota la Nge inatoka na vumbi lake lote, we acha tu.

Sasa shughuli yenyewe. Video zote YouTube wanakwambia tafuta Polaris, ile nyota ya ncha ya kaskazini, ukilenge kimota huko ili kizunguke sambamba na anga, jamani Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hiyo Polaris utaiona wapi? Ncha ya kusini ya anga, ambayo sisi ndiyo tunailenga, nayo iko juu nyuzi 7 tu, huko ni minazi na taa za watu, na nyota yake Sigma Octantis ni hafifu, kwa hiyo kile kidarubini cha ndani cha kulengea ncha mi hata sikigusi. Weka swichi kwenye S (kusini), lenga kusini kwa dira ya simu (usiisogeze karibu na chuma), inamisha nyuzi 7, piga ya majaribio, rekebisha. Kwa lenzi pana inatosha kabisa, kwa lenzi ndefu ya 200mm utalia.

Betri nne za AA, beba na za akiba. Kama unaweza kutoka mjini, Bagamoyo huko, nunua. Kama utapigia kwenye roshani Kariakoo, hela weka kwenye lenzi.