Daftari la Shukrani na Walakini Wake

Daftari hili nililinunua mwezi wa Januari katika duka dogo la vitabu vya Kikristo katikati ya jiji la Nairobi, kwa shilingi 750, baada ya kulishika na kulirudisha rafuni mara mbili, kwa maana Januari ni mwezi wa karo na sare na kila shilingi huwa imekwisha kupangiwa kazi. Ni daftari la ibada ya nyumbani, lililotungwa kwa ajili ya familia nzima: lina nafasi ya siku 90, kila siku ina aya moja ya Biblia juu, mistari mitatu ya kuandika mambo ya kushukuru, na chini yake swali moja linalorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, yaani, "Leo Mungu alimtumia nani?" Tumelitumia kwa siku zote hizo, sisi watu sita wa nyumba moja huko Umoja, kwa hiyo ninayoyasema si ya mtu aliyepekua kurasa mbili tatu akiwa dukani.

Nianze na swali hilo, kwa sababu ndilo linalolipa daftari thamani yake. Katika makanisa yetu shukrani ina mdomo mwepesi. Kiongozi akisema Mungu ni mwema, tunaitikia "wakati wote" kabla hajafunga kinywa, na shuhuda nyingi huanza kwa kushukuru kwa uhai na afya na kuishia hapo hapo. Wiki ya kwanza nasi tuliandika vivyo hivyo: uhai, afya, chakula, na kesho yake tena uhai, afya, chakula. Lakini swali la chini haliridhiki na jibu la jumla, kwa kuwa linataka jina la mtu. Mtoto wetu wa gredi ya pili ndiye aliyelielewa kabla yetu sote. Siku ya nane aliandika jina la dada anayetusaidia kazi za nyumbani, na alipoulizwa sababu, alisema kwamba dada huamka usiku wa manane kukinga maji siku ya mgao, wakati sisi wengine tumelala. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiyakuta maji yale asubuhi ndani ya mitungi, nikaoga, nikaenda kazini, wala sikuwahi kujiuliza yalifikaje humo. Dada mwenyewe alikuwa ameketi pale pale mezani. Alicheka, akainuka kwenda kuitazama chai ambayo haikuwa motoni.

Tangu jioni hiyo mstari ule ulijaa watu: makanga aliyemwita kifungua mimba wetu arudi kuchukua chenji aliyoisahau, mama mboga aliyetukopesha sukuma wiki mpaka Ijumaa, jirani wa ghorofa ya tatu aliyetuazima taa tokeni za umeme zilipokwisha katikati ya ugali. Aya ya siku ya 30 inatoka katika Luka 17, kisa cha wakoma kumi waliotakaswa na mmoja tu, Msamaria, akarudi kushukuru, na hapo mtungaji amefanya kazi nzuri sana, kwa kuwa badala ya kuwahubiria wasomaji juu ya utovu wa shukrani wa wale tisa, anauliza tu huyu mmoja alitembea umbali gani kurudi. Mume wangu alilichukua swali hilo kwa uzito, akampigia simu mwalimu wake wa shule ya msingi huko Kakamega, mzee aliyestaafu zamani, ambaye kwanza alidhani anaombwa mchango wa harusi.

Kuhusu umbo la daftari sina mengi. Karatasi ni nzito na wino haupenyi upande wa pili, jambo la maana kwa nyumba yenye watoto wanaoandika kana kwamba wanachonga. Gundi, kwa upande mwingine, ni hafifu. Kufikia siku ya 40 kurasa zilikuwa zinatoka moja moja, ikabidi nilipeleke kwa fundi wa kujalidi vitabu huko River Road, akalitoboa na kulitia waya kwa shilingi 150. Maandishi ya aya ni ya Biblia ya Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili ya zamani, na nashukuru, maana nyanya yao watoto, ambaye anaishi nasi na macho yake yamefifia, aliweza kuendeleza karibu kila aya kwa moyo mara tu aliposomewa maneno mawili ya kwanza. Kurasa nne za mwisho, za kuahidi sadaka, tuliziacha tupu.

Ila daftari lina walakini, na nachagua neno hilo kwa makusudi. Katika mwezi wa pili mume wangu alipoteza kazi. Kampuni alikofanya kazi kwa muda mrefu ilipunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao. Siku tisa mfululizo mstari wake ulibaki mweupe. Alikuwa akiketi nasi, anasikiliza, anasema amina, kisha anampitishia mwenzake kalamu. Katika siku hizo ndipo tulipofika ukurasa wenye Habakuki 3:18, uliochapwa kwa maua pembeni: "Walakini nitamfurahia BWANA." Akaniuliza, walakini ya nini? Mtu hawezi kuanza mazungumzo na walakini. Tukamtuma mtoto kuleta Biblia, na hapo ndipo tulipoona kwamba mtungaji ameiacha nje aya ya 17, ile inayotaja mtini usiochanua, mzeituni uliotaabikiwa bure, mashamba yasiyotoa chakula na zizi lisilo na kundi. Mume wangu aliisoma yote kwa sauti, na alipofika kwenye ng'ombe akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akisema kwamba nabii angalau alikuwa na zizi la kuwa tupu. Hakuandika kitu jioni hiyo pia. Lakini aliirudisha Biblia mwenyewe kabatini, badala ya kumtuma mtoto.

Kosa hilo si la bahati mbaya, kwa sababu linajitokeza tena katika maelezo ya 1 Wathesalonike 5:18. Union Version husema "shukuruni kwa kila jambo", na mtungaji anaeleza kwamba Mkristo hana budi kuushukuru hata msiba wenyewe. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo ni "en", ambalo maana yake ya kawaida ni "katika", na tofauti hiyo si ya wasomi peke yao. Mwanamume aliyeachishwa kazi anaweza kushukuru katika siku ile kwa ajili ya jirani aliyemletea unga, bila kulazimishwa kuiita barua ya kuachishwa kazi zawadi. Tena, Paulo huyo huyo aliwaandikia Warumi walie pamoja nao waliao, na katika siku zote 90 sikuona aya hiyo, wala mstari mmoja wa maombolezo, ingawa karibu nusu ya kitabu cha Zaburi ni watu wanaomlilia Mungu.

Kwa hiyo je, ninalipendekeza? Ndiyo, hasa kwa nyumba yenye watoto wa umri wa kuandika na mzee wa kuwasikiliza, na kwa sharti kwamba Biblia kamili iwe mezani kando yake, si kabatini. Wanandoa wapya wasio na watoto wanaweza kutumia daftari la kawaida la shilingi 80 na kuliandika swali lile wenyewe. Nimenunua nakala ya pili, nayo nimeipeleka River Road kabla hatujaifungua. Ukurasa wa Habakuki tayari umebandikwa kipande cha karatasi chenye aya ya 17 nzima, kwa mwandiko wa yule wa gredi ya pili, aliyeandika ng'ombe bila ritifaa na kukataa katakata kusahihishwa.