Soba za pakiti: tamu, ila soma pakiti kwanza

Nimezichukua supamaketi moja Nyali, hizi tambi za Kijapani za bakwiti (buckwheat, mbegu zinazosagwa unga kama nafaka) zinazoliwa baridi, kufika nyumbani nasoma pakiti kumbe unga wa ngano ndo wa kwanza kwenye orodha, bakwiti yafuata nyuma, na bei ile wallahi niliudhika. Kupika rahisi, dakika 5 hivi kwa maji yanayotokota, chumvi usitie, kisha waziosha kwa maji baridi ukizisugua na mkono mpaka ule utelezi utoke. Mara ya kwanza nlitumia maji ya mfereji, na mchana huku ya mfereji ni ya moto kama ya kuogea mtoto, zikagandana bonge zima! Mara ya pili nkatia barafu, zikakaza vizuri. Sosi nlichanganya soya, sukari na tangawizi, si yenyewe hasa maana yao ina supu ya samaki mkavu, ila kwa joto hili zashuka tu. Nyota 3.