Betri ya kambi: ipi ununue Lubumbashi, na utaitunzaje ikirudi nyumbani

Ubavuni mwa betri palikuwa pameandikwa ampea 200, yaani ampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba. Nikainyanyua kwa mkono mmoja. Nilikuwa soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na jirani wa muuzaji alikuwa anauza makala ya kupikia, kwa hiyo nikaazima mizani yake ya kuning'iniza. Kilo 24. Betri kavu ya risasi ya ampea 100 za kweli ina kilo 28 hadi 30 hivi. Ya 200 inakaribia 60. "Papa, hii ni teknolojia mpya," kijana aliyekuwa anaiuza akaniambia. Nikamrudishia taratibu, maana hata yeye aliuziwa hivyo. Umeme wa betri ya risasi unakaa kwenye mabamba ya risasi. Mabamba yakiwa mepesi, umeme ni mdogo, kibandiko kiseme kinachosema. Ukienda kununua, nenda na mizani.

Kabla ya hapo, hesabu usiku mmoja. Sisi tukipanda Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi tunabeba friji ndogo ya gari. Mota yake inakula wati 45 na inazunguka karibu nusu ya muda, kwa hiyo mchana na usiku inamaliza kama wati-saa 540. Ongeza taa za LED na simu tano, utafika 650 hivi. Kwenye volti 12 hizo ni ampea-saa 54. Betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ya ampea 100 inakupa 50 tu: inakufikisha karibu siku moja, si kamili, kisha lazima jua liijaze.

Sasa nizipange.

Ya kwanza ni lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4. Hapa kwetu wengi wanaamini kila betri ya lithiamu imebeba kobalti ya Kolwezi. Hii haina kobalti kabisa: ni lithiamu, chuma na fosfeti. Ya ampea 100 ina kilo 11 hadi 13, unaibeba kama ndoo ya maji. Inakupa karibu ampea zake zote, si nusu, na inavumilia kujazwa na kutumiwa mara 2,000 na zaidi, wakati ya risasi ukiishusha nusu kila mara inafika mia chache tu. Lakini kinachoiweka juu kwangu ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi mawingu ya Lubumbashi yanaweza kukunyima jua siku tatu mfululizo. Betri ya risasi isiyojaa inaharibika. Lithiamu ikikaa nusu haiumii. Bei yake ya kuanzia inauma, sikatai. Mwenye kuitumia kila wiki, na nyumbani umeme ukikatika, atairudisha bei hiyo.

Ina masharti. Kidhibiti cha chaji cha pano yako ya sola kiwe na mpango wa lithiamu, volti 14.2 hadi 14.6. Usiiunge moja kwa moja na alteneta ya gari, kwa sababu inavuta umeme kwa nguvu mpaka alteneta inapata moto kupita kiasi. Weka kati yake chaja ya gari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na muulize muuzaji kama ndani mna kadi ya ulinzi (BMS), sakiti inayoilinda betri. Akisita, ondoka.

Ya pili ni betri kavu ya AGM, ya risasi iliyofungwa, asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo. Haimwagi asidi barabarani, haihitaji kuongezwa maji, na chaja nyingi za kawaida zinaifaa. Kwa familia inayotoka mara nne au tano kwa mwaka, ndiyo ningewaambia wanunue.

Ya tatu ni betri ya maji yenye mabamba mazito, iliyotengenezwa kwa ajili ya sola. Ni ya bei nafuu, na ikipata mtu makini inadumu. Mtu huyo kila mwezi anafungua vifuniko na kuangalia kama maji yamefunika mabamba. Anaongeza maji yaliyotoneshwa tu (eau distillée), baada ya betri kujaa. Asiongeze asidi, hata fundi akimshauri, kwa kuwa kinachopungua ni maji. Wala asitumie maji ya kisima, yana madini. Anaichajia mahali penye hewa, mbali na mbabula (jiko la makaa), kwa sababu ikijaa inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Ukijijua si mtu wa namna hiyo, rudi kwenye ya pili.

Jeli, ya risasi yenye asidi iliyogandishwa, naiweka ya nne. Ni nzuri, ila ukiichaji kwa volti za betri nyingine unaipasua ndani.

Ya mwisho ni betri ya gari. Mabamba yake ni membamba na mengi, yametengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache na kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku, haitakufikisha mbali.

Dukani, beba multimita na taa ya mbele ya gari ya wati 55. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.7. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa muda bila chaji. Washa taa dakika kumi: ikishuka chini ya 12 kwa taa hiyo moja, iache hapo hapo.

Betri nyingi za kambi hazifii kambini, zinafia stoo. Ya kwangu ya maji ilikufa hivyo. Tulirudi Jumapili tumechoka, nikaiweka ikiwa na volti 11.6, nikasema kesho. Zikapita wiki tano. Nilipoiunga kwenye chaja, volti zilipanda zaidi ya 13 kwa dakika chache, nikafurahi. Usiku taa moja haikumaliza saa. Salfeti, chumvi inayojengeka betri ya risasi ikikaa bila chaji, ilikuwa imeganda kwenye mabamba, na umeme haukuwa na pa kuingia. Tangu siku hiyo, ya risasi inaungwa na chaja kabla sijashusha hema, na ikikaa bure naijaza tena kila mwezi. Lithiamu naihifadhi ikiwa nusu.

Oktoba usiiache ndani ya buti la gari juani, joto linaikata maisha. Safarini ifunge isimame wima, na weka fyuzi karibu kabisa na kichwa cha chanya, isizidi ampea ambazo waya wako unabeba. Waya mwembamba ukigusana bila fyuzi unashika moto kabla hujasimamisha gari.