Kupoza taa za kuzama darini: uzoefu wangu

Karakana yetu ya ushonaji iko ghorofa ya juu kabisa, Kariakoo. Juu ya siling bodi ni mabati, na jua la Dar mnalijua. Taa ni zile za mraba, sentimita 60 kwa 60, zimezamishwa darini, kila moja ina tyubu nne za wati 18 na kifuniko cha plastiki kilichoziba kote. Asubuhi zinawaka vizuri. Ikifika saa nane mchana zilikuwa zinafifia kwa joto, uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu iliyokoza huuoni.

Fundi umeme alivua vifuniko akaweka luva za alumini, yaani vipande vilivyopangwa kama wavu, zilizo wazi, akatoboa na matundu mgongoni mwa boksi. Luva ndizo zilizofanya kazi. Matundu sikuona faida yake: chini ya mabati mchana ni tanuri, hewa ya kupoza itoke wapi? Yametuletea vumbi tu.

Tyubu hizi zenye unene wa milimita 26 hutoa mwanga mwingi zaidi hewa inayozizunguka ikiwa nyuzi 25 hivi. Boksi likiziba, joto linavuka kiwango hicho, mvuke wa zebaki ndani ya tyubu unazidi, mwanga unafifia. Zile nyembamba za milimita 16 zinapenda nyuzi 35, kwa hiyo mwenye nazo asitegemee mabadiliko makubwa.

Fundi aliniahidi Luku itashuka. Hapo alitia chumvi. Tyubu ikipoa inakula umeme uleule au zaidi kidogo. Unachopata ni mwanga zaidi. Akiba ilikuja tulipopunguza tyubu upande wa dirishani, kwa kuwa zilizobaki zilitosha. Angalieni: kwenye taa zetu tyubu mbili zinatumia choki moja (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu), ukichomoa moja na nyingine inazima. Toeni kwa jozi.

Kero ni kwamba nyuzi za pamba zinanasa kwenye luva, zinataka kufutwa mara kwa mara, na anayekaa chini yake mwanga unamchoma macho. Cherehani tumezisogeza.

Kwa Sh 30,000 kila taa, sijutii pale penye kazi ya macho. Lakini mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki duniani, zilikubaliana kuachana na tyubu hizi kufikia mwisho wa 2027, kwa sababu ya zebaki. Taa za stoo nimemwambia fundi asiziguse. Zikifa naweka LED.