Mkono wa nta na hita ya ukutani katika chumba cha vioo: uzoefu wangu

Kama ningeambiwa nibakize kifaa kimoja tu kati ya vyote nilivyofunga kwenye chumba changu cha vioo, ningebakiza kile kidogo kuliko vyote: mkono unaofungua dirisha la paa kwa nguvu ya nta. Hauna waya, betri wala mota. Ndani ya silinda yake kuna nta; chumba kikipata joto, nta inayeyuka, inatanuka na kusukuma pistoni, na pistoni inainua dirisha. Joto likipungua nta inasinyaa, springi inalirudisha dirisha chini. Unazungusha silinda kuamua lianze kufunguka kwenye joto gani. Wangu nimeuweka karibu nyuzi 20 za Selsiasi.

Ukikaa chini yake jua linapoanza kupiga, huoni kitu kikisogea. Baada ya muda unainua macho, unakuta dirisha liko wazi upana wa vidole viwili, na ubaridi unakupitia miguuni.

Ubaridi huo wa miguuni ndio siri yenyewe. Hewa ya moto hupanda, lakini haitoki vizuri pasipo nyingine ya kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo mkono huu hauna maana kubwa kama huna pia matundu ya chini, karibu na sakafu, na upande wa kivuli ndio bora zaidi. Kadiri kimo kati ya tundu la chini na dirisha la paa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mvuto wa hewa unavyoongezeka, hata siku isiyo na upepo kabisa. Feni nayo ninayo. Inampoza aliyekaa mbele yake, basi. Joto la chumba halitoki kwa kuzungushwa.

Pazia pia lina nafasi yake, na ningeshauri lifungwe nje ya kioo. Pazia la ndani huzuia mwanga mkali, lakini jua linapolifikia limeshapita kwenye kioo, na joto limeshaingia.

Kasoro za mkono wa nta zipo. Hauna haraka: jua likichomoza ghafla kutoka mawinguni, chumba kinachemka dakika kadhaa kabla nta haijaitikia. Haujui mvua wala upepo, unajua joto tu. Na kila modeli ina kikomo cha uzito inaoweza kuinua, kwa hiyo pima dirisha lako kabla ya kununua.

Msimu wa baridi ni habari nyingine. Hita niliyochagua ni paneli ya infraredi ya ukutani, yaani inayotoa joto kwa miale, na naipenda kwa sababu moja: inapasha watu, viti na sakafu moja kwa moja, haianzi na hewa. Chini ya paa la kioo hilo ni jambo kubwa, maana hewa iliyopashwa hukimbilia juu na kupoteza joto lake kwenye kioo, hasa kioo cha tabaka moja. Nikiwasha, nahisi joto usoni karibu papo hapo. Ila ukihamia pembeni, nje ya miale yake, baridi inakukuta. Kwa mimea iliyosambaa chumba kizima naona hita ya umeme iliyojazwa mafuta ndani, yenye thamostati (kidhibiti joto), inafaa zaidi. Ya kwangu nimeitegesha chini kabisa, kiasi cha kuzuia baridi kali usiku.

Hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutolea moshi nje siishauri kabisa. Lita moja ya mafuta hayo ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji kama mvuke, mbali na gesi zake. Mvuke huo hugeuka matone kwenye vioo baridi, yanatiririka hadi kwenye fremu, na ukungu mweusi unaota kwenye pembe. Hata kwa hita ya umeme mimi hufungua dirisha kidogo kila siku mchana. Joto linapotea, ndiyo, lakini unyevu nao unatoka.

Mkono wa nta naupa nyota tano. Paneli nne, kwa sababu ya zile pembe zinazobaki na baridi. Matunzo ni machache: tone la oili kwenye viungo vya mkono mara moja kwa mwaka, na silinda ikichoka inabadilishwa hiyo tu bila kung'oa fremu nzima.