Buti za Telemaki: Ugumu Upi Ununue Kwanza

Katika telemaki, mtindo mmojawapo wa kuteleza juu ya theluji, kisigino hakifungwi kwenye skii, ule ubao mrefu unaovaliwa chini ya kila mguu. Mtelezaji hukata kona kwa kutanguliza mguu mmoja, kukunja goti la mguu wa nyuma na kuinua kisigino chake, huku akiendelea kuzikandamiza skii zote mbili. Buti basi hudaiwa kazi mbili zinazovutana: iushike mguu kwa uthabiti wa kutosha kuiongoza skii, na papo hapo ikubali kukunjika vidoleni ili mtu aweze kushuka goti. Mnunuzi anayeuliza tu kama buti ni ngumu au laini ameuliza nusu ya swali, na wengi huondoka dukani na buti nzuri zisizowafaa.

Ugumu wa kwanza ni wa shingo, yaani ile sehemu inayopanda juu ya kifundo cha mguu na kuegemea muundi. Shingo ndefu na ngumu humpa mtelezaji pa kuegemea, mbele na pembeni, na hivyo hata skii pana hutii upesi. Ugumu wa pili ni wa mikunjo, ile sehemu iliyo juu ya vidole, iliyofinyangwa kama mvukuto wa mhunzi. Huu wa pili ndio unaoamua kama telemaki yako itakuwa telemaki kweli. Mikunjo ikizidi nguvu na uzito wako, mguu wa nyuma haukunjiki. Husimama kwa ncha za vidole kama wa mtu anayechungulia juu ya ua, uzito wote huhamia mguu wa mbele, na skii ya nyuma huyumba bila mwenyewe. Ikiwa laini kupita kiasi, unyayo hukunjamana, goti hushuka mno, vidole husukumwa mbele mpaka vikagonga ganda la plastiki, na baada ya siku chache ukucha wa kidole gumba huwa mweusi.

Usitafute namba ya kukuokoa. Hata kwenye buti za kawaida za kuteremkia milima, zile zinazoandikwa 100, 110 au 130, viwanda havifuati kipimo kimoja, na buti nyingi za telemaki hazina namba yoyote. Kilichobaki ni kuangalia urefu wa shingo, idadi ya bizimu, aina ya plastiki, na zaidi ya yote kuijaribu buti mguuni.

Kabla ya kupanga daraja, tazama kishikizi ulichonacho, yaani kifaa kinachoishika buti kwenye skii, kwa kuwa ndicho kinachofunga milango mingi. Mfumo wa zamani ni wa milimita 75, ambao soli yake ina mdomo bapa mbele, kama wa bata, wenye matundu matatu kwa chini. Mwaka 2007 kampuni ya Rottefella ya Norwei ilileta mfumo wa NTN (New Telemark Norm), usio na mdomo huo. Kishikizi hukamata ncha ya buti pamoja na kisigino kidogo kilichochongwa chini ya unyayo. Buti ya mfumo mmoja haiingii kwenye kishikizi cha mwingine. Tena springi za kishikizi na mikunjo ya buti hufanya kazi kama watu wawili wanaobeba gogo moja: mikunjo migumu huhitaji springi kali za kuirudisha chini, na ukiifunga buti ngumu kwenye kishikizi chepesi cha pini tatu kisicho na springi, utasimama vidoleni siku nzima huku ukiyachosha matundu ya soli na skrubu za kishikizi.

Nafasi ya kwanza naipa buti ya ugumu wa kati, na naipa bila kusitasita. Hii huwa na shingo ya urefu wa wastani, bizimu tatu au nne, na mikunjo inayokubali kukunjika tangu siku ya kwanza lakini haiporomoki chini ya uzito wa mtu mzima. Kati ya buti za kampuni ya Scarpa, T2 Eco katika mfumo wa milimita 75 na TX Pro katika NTN ni mifano inayofahamika. Inaendesha vizuri skii ambazo kiuno chake, yaani sehemu nyembamba ya katikati, kina upana wa milimita 80 hadi 95 hivi, nazo ndizo skii za watu wengi. Inapanda mlima bila kukata pumzi, kisha inateremka kwa imani. Mimi mwenyewe nilianza na buti ya bizimu nne iliyo ngumu kuliko zote dukani, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kwamba nitaikulia. Msimu mzima skii yangu ya nyuma iliburuzika kama kitu nilichofungiwa. Nilipobadilisha na kuvaa buti ya kati, katika asubuhi moja niliuhisi kwa mara ya kwanza unyayo wa nyuma ukikandamiza theluji chini ya shina la vidole, mahali hasa unapotakiwa kukandamiza. Hakuna somo la mwalimu lililowahi kunipa hisia hiyo.

Nafasi ya pili ni ya buti laini ya plastiki, yenye shingo fupi na bizimu mbili, ya aina ambayo Scarpa T4 iliwahi kuwakilisha vizuri. Wanaotembea masafa marefu juu ya theluji, wakipanda na kushuka vilima visivyo vikali, wataifurahia kuliko nyingine yoyote, na mtu mwepesi wa mwili asiyetaka mwendo mkali anaweza hata kuiweka ya kwanza. Udhaifu wake huonekana kwenye theluji ngumu au iliyosagika: skii ikizidi milimita 80 kiunoni, shingo fupi haina uwezo wa kuilaza ubavuni, na kifundo cha mguu hulipa deni hilo.

Buti ngumu, kama T1 na TX Comp za Scarpa, naiweka ya tatu. Si kwa sababu ni mbaya. Kwa anayeifaa haina mshindani. Anayeifaa ni mtu mzito au mwenye nguvu, anayepandishwa na lifti, anayeteremka kwa kasi kwenye skii za milimita 100 na kuendelea, na ambaye tayari anajua kukandamiza mguu wa nyuma bila kufikiri. Mwanafunzi akiivaa hujifunza kosa na kulizoea, kwa sababu buti humsaidia kusimama huku mguu wa nyuma ukiwa hauna kazi. Ikiwa uzito wako unapita kilo 95 au hivi, yapandishe maoni yangu daraja moja: buti ninayoita ya kati itakuwa laini kwako, na hii ngumu itajikunja kama ya kati.

Ya mwisho ni buti ya ngozi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, plastiki ilipoingia, telemaki yote iliteremshwa kwa ngozi, na bado hakuna buti inayokunjika kwa upole kama hiyo. Lakini inalowa, inataka kupakwa mafuta kila mara, inazidi kulegea kadiri inavyozeeka, na haiwezi kuongoza skii pana. Inunue ikiwa skii zako ni nyembamba na nyepesi, na ikiwa unaijua kona ya telemaki kiasi cha kuikata bila kuegemea chochote.

Sasa jaribio lenyewe. Vaa buti zote mbili, funga bizimu kama ungekuwa mlimani, rudisha mguu mmoja nyuma na ushuke goti taratibu. Tazama mstari wa mikunjo: lazima ukae juu kabisa ya mahali vidole vinapoungana na unyayo. Ukiwa mbele au nyuma ya hapo, hata kwa kiasi kidogo, buti itakubana juu ya kidole gumba au kidole kidogo kila kona, wala haitaacha kwa kuzoea. Kisha sikiliza uzito uko wapi. Ukiwa chini ya shina la vidole, mikunjo inakufaa. Ukiwa kwenye ncha za vidole, ni migumu kwako. Kaa ndani yake kwa robo saa, ukirudia mguu huu na ule. Kumbuka pia kwamba dukani kuna joto: plastiki hukakamaa kwenye baridi, ile ya poliyurethani zaidi kuliko ile ya Pebax, hivyo buti inayokusumbua kidogo hapo ndani itakusumbua zaidi mlimani, ingawa mikunjo mipya hulegea kiasi baada ya siku kadhaa za matumizi.

Anayenunua zilizotumika apate mwanga mkali, aikunje buti kwa mikono yake na kutazama ndani ya kila mkunjo, hasa pembeni karibu na soli, kwa kuwa nyufa huanzia hapo zikiwa nyembamba kama unywele. Kwenye zile za milimita 75 atazame matundu matatu ya soli: yakiwa yamepanuka na kuwa ya mviringo mrefu, buti imefika mwisho kwenye kishikizi cha pini, hata kama shingo na bizimu zinang'aa.