Karatasi ya njugu ilitupeleka maktaba: nyota tatu, na sababu ninazo

Wacha nianze na njugu juu bila njugu hii stori haina kichwa. Alhamisi jioni nilinunua njugu za mbao, yaani shilingi ishirini, pale steji, mama akanifungia kwa karatasi venye huwa wanafunga, ile ya kukunjwa kama pembe, na nilikuwa na mpwa wangu wa gredi ya tatu, wale watoto wa kusoma kila kitu, ata kibao cha "usikojoe hapa" anakisoma kwa sauti mbele ya watu. Njugu zikaisha, akafungua karatasi akaanza. Ilikuwa peji ya 23 na nyuma yake 24, kitabu cha hadithi cha Kiswahili, si cha darasa. Mbuzi amepanda treni Voi bila tikiti, amejificha chini ya kiti lakini kwato moja imebaki nje (hiyo kwato imechorwa vizuri bana, wino mweusi tu lakini unaona kabisa huyu mbuzi ako na wasiwasi), alafu mkaguzi wa tikiti ni kobe, anapita kiti kwa kiti, na wameshapita Mtito Andei kabla hajamaliza behewa moja. Peji ya 24 inaishia hivi: "Kobe akafungua mkoba wake polepole, akatoa". Basi. Chini ni doa la mafuta na chumvi.

"Anko, alitoa nini?"

Mimi kazi yangu ni kubaindi vitabu, niko na kibanda huku chini River Road, projekti za watu wa kampasi, risiti buku, Biblia zimefunguka mgongo, kwa hivyo ukinipa karatasi naweza kukuambia mambo mengi juu yake isipokuwa jina la kitabu ilikotoka. Hii ilikuwa imeshikwa na pini za stepla, vitundu viwili bado viko pembeni na kutu yake, maana yake kitabu kilikuwa chembamba, peji 32 hivi, kava ya karatasi. Jina halijaandikwa juu ya peji. Kesho yake nikamrudia mama wa njugu, akacheka, akaniambia hizo karatasi ananunua kwa kilo, gunia zima, na peji zingine za huyo mbuzi wako zimeshaenda na wateja. Nikamwambia mtoto Jumamosi tutaenda maktaba tuulize, kwani maktaba ni za nini.

Tulienda maktaba moja ya umma hapa Nairobi, jina nimelibania makusudi juu wale wako pale mezani si wale wanapanga bajeti na sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu yangu. Mazuri kwanza. Soja wa mlangoni alichukua begi akampa mtoto kile kisahani cha namba ashike yeye mwenyewe, mtoto akajiona mkubwa. Chumba cha watoto kina madirisha makubwa, mwanga wa kutosha, mkeka, meza fupi, na choo, wazazi hii ni yenu, choo kilikuwa kisafi na maji yapo. Hapo tayari nimewapa nyota moja.

Shida ya kwanza ni viti. Vile viti vidogo vya watoto vilikuwa vimekaliwa na wanafunzi wa sekondari wanasoma mtihani, kijana wa fomu foo mguu mrefu, magoti yamefika kidevuni, karatasi za kemia zimejaa meza ya watoto wa nasari. Simlaumu, kwao labda ni chumba kimoja na redio ya jirani, ataenda wapi? Maktaba zetu nyingi zimegeuka mahali pa kusomea mtihani, unakuja na kitabu chako kwa begi, unachotaka ni kiti na kimya. Lakini sasa mtoto wa miaka minane akikuta mkubwa amenuna na kemia hawezi kusoma kwa sauti, na wangu hajui kusoma kwa njia nyingine.

Shida ya pili ndiyo kubwa. Rafu zimejaa, msidhani hakuna vitabu, vimejaa mpaka vingine vimelazwa juu ya vingine. Nikaanza kuvitoa kimoja kimoja, mazoea ya kazi, naangalia mgongo kwanza. Kava ngumu, uzi mzuri, rangi, na ndani theluji. Mtoto na theluji, sungura na theluji, bibi ameteleza kwa theluji. Kimoja kilikuwa bado na mhuri wa maktaba ya huko Uingereza kusema kimeondolewa kwenye rafu zao, yaani kule kimefukuzwa na huku tumekikaribisha na chai. Sikatai msaada, mpwa wangu alisoma kimoja cha bata akakipenda sana. Lakini vya Kiswahili vilikuwa rafu moja ya chini kabisa, na nusu yake ni vitabu vya darasa vya 8-4-4, mtaala ulioanza 1985 na mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ukafanywa 2023. Vya lugha za nyumbani nilihesabu vitatu. Vitatu, Nairobi hii yenye kila kabila!

Mama wa hapo mezani ndiye nyota ya pili, na ningekuwa na uwezo ningempa zote. Kompyuta ya kutafutia vitabu ilikuwa imezimwa siku hiyo, na ata ingewaka ungeandika nini, "mbuzi"? Nikampa karatasi yetu. Akavaa miwani, akaisoma yote mbele na nyuma bila haraka, akaipeleka dirishani, akaiangalia ile kwato.

"Huyu mbuzi namjua. Jina la kitabu ndilo limenitoka."

"Kiko hapa, mama?"

"Kilikuwa hapa. Kilisomwa mpaka kikaisha."

Akaeleza bila kujitetea, kwamba walikuwa na nakala moja, watoto walikigombania, kava ikatoka, wakaweka selotepu, peji za katikati zikatoka, wakaweka selotepu tena, mwisho kikabaki kama mkate uliokatwa vipande wakakiondoa kwa rafu. Hakuna mahali kimeandikwa kwamba kilikuwepo. Mpwa wangu akamuuliza lile swali lake. Yule mama akafikiria kweli, si ile ya kumridhisha mtoto, akasema, "Nafikiri ilikuwa filimbi. Lakini sina hakika, usije ukanishtaki."

Hapo ndipo mambo ya kazi yangu yaliniingia kichwani na hayajatoka. Kitabu cha mkubwa kinakufa kwa vumbi, cha mtoto kinakufa kwa kupendwa. Kile cha theluji chenye uzi na kava ngumu kitakuwa hapo miaka ishirini ijayo hakuna mtu anakitaka, na cha mbuzi wa Voi chenye pini mbili kimeisha. Mtoto akilamba kidole na kufungua kitabu mpaka mgongo ulie kha, pini hazina lao. Gundi ya moto nayo ikipigwa na jua la dirishani inakauka inakatika kama biskuti. Kukishona upya na kukipa kava ngumu mimi nachukua mia na hamsini, na kinarudi rafuni kugombaniwa tena.

Sasa watu wakizungumza habari ya maktaba ya taifa ya vitabu vya watoto, ile ndoto ya kila mtu anayependa vitabu hapa, huwa wanaanza na jengo. Vioo, bustani, sanamu ya twiga. Mimi nikiulizwa, na hakuna aliyeniuliza, ningeanza na nakala mbili. Moja ya kulala na moja ya kuchanika. Ya kulala haiguswi na mtoto, iko kwa kabati kavu, imeandikwa jina la mtunzi, la mchoraji, lugha, na ndani kuna mbuzi, treni, kobe, Voi, ili siku mtu akija na karatasi ya njugu apate jibu. Ya kuchanika iko chini kabisa kwa rafu, mtoto aifikie bila ngazi, ailambie vidole, ikiisha unanunua nyingine ama unaitoa kwa ile iliyolala. Ukiwa na ya kulala peke yake umejenga makaburi. Ukiwa na ya kuchanika peke yake, ni hii yetu ya kukumbuka filimbi bila hakika.

Na kusema ukweli nusu ya sheria tunayo tayari. Sheria ya Vitabu na Magazeti, sura ya 111, inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kila kitabu anachotoa, na tuna shirika la taifa la maktaba tangu sheria ya 1965, hao wa pale Upper Hill. Lakini sheria inahesabu vitabu, mbuzi wa ndani si kazi yake. Na hapa nijitaje na mimi: nimebaindi hadithi za watoto za watu wa kawaida wanaojichapishia, mwalimu mstaafu, mama wa Sunday school, nakala mia mbili zinauzwa kanisani na kwa matatu, na sijui hata moja iliyofika Upper Hill, juu hakuna mtu alimwambia mwalimu na mimi sikumwambia. Kwa hivyo mwenye kupanga apange pia mtu wa kutembea River Road, Nyamakima, Kirinyaga Road, na mkoba, mlango kwa mlango, akiuliza mmetoa nini mwezi huu. Nitampa kiti na chai.

Wenzetu walifanyaje? Tokyo iko na maktaba kama hiyo ya watoto, pale Ueno, ni tawi la maktaba ya bunge lao, ilifunguliwa 2000 ndani ya jengo la maktaba ya zamani la 1906, hawakusubiri kujenga jipya, jipya walikuja kuliongeza 2015. Kule kuna chumba cha watoto cha kushika vitabu, na upande mwingine chumba cha watafiti, na bohari nyuma. Ni ile nakala mbili yangu, wao wameifanya kwa majengo. Munich nayo ni stori nyingine, Jella Lepman, mama Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza, akarudi baada ya vita mji bado vifusi, akaandikia nchi nyingi barua aombe vitabu vya watoto, 1946 akafanya maonyesho, na 1949 ikawa maktaba ya kimataifa ya vijana. Tangu 1983 iko ndani ya kasri. Lakini kasri lilikuja miaka thelathini na kitu baadaye, zilitangulia barua.

Sisi jengo zuri tunalo tangu 1931, maktaba ya McMillan pale Banda Street na simba wake wa mawe, ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958, guka wangu, yaani babu, angefika kwa simba akageuka. Na leo maktaba za mitaani ni za kaunti, fungua katiba ya 2010 jedwali la nne uone zimepangwa wapi: kamari, mbio za farasi, leseni za pombe, sinema, video, alafu ndio maktaba. Sisemi mengi, lakini mtaani kwetu hao majirani wa juu kwenye hiyo orodha wanafanya biashara vizuri sana. Kuna mwanga lakini, shirika la Book Bunk la kina Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wamekuwa wakifufua McMillan na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara, ukitaka kuona kitabu na mtoto wa mtaa wamekaa pamoja nenda Kaloleni. Na wasituambie taifa ni Nairobi tu, Garissa vitabu vilianza kubebwa na ngamia tangu 1996, kwa hivyo nakala ya kuchanika lazima ijue njia ya ngamia pia.

Kuna wale watasema tuskani zote tuweke kwa simu iishe. Skani ile ya kulala, sawa, mimi nasapoti. Lakini mpwa wangu alipata huyu mbuzi kwa karatasi yenye mafuta, na simu yangu akiishika dakika mbili ameshaingia kwa gemu.

Nyota ya tatu nawapa juu tulikaa masaa mawili na hakuna aliyetufukuza, na wakati wa kutoka yule mama alitoa fotokopi ya karatasi yetu akaibandika ndani ya dawati lake, akasema kuna mkutubi mwenzake aliyestaafu atamuuliza. Ukienda nenda asubuhi kabla ya tatu, kabla kemia haijafika. Beba sweta la mtoto, sakafu ni baridi.

Ile yenyewe nimeiweka kwa nailoni hapa kibandani, ukutani karibu na mashine ya kukatia, kila mteja namsomesha. Mpaka sasa nimepewa majibu matano: filimbi, tikiti ya ziada, miwani, kitambaa cha kujifuta jasho, na fundi mmoja wa viatu ameapa kwamba kobe alitoa kobe mdogo. Mpwa wangu amekataa yote, anataka cha kitabu. Kwa hivyo wewe unayesoma hapa, kama ulikuwa nacho nyumbani ama shuleni, chembamba, pini mbili, mbuzi wa Voi na kwato nje, angalia peji ya 25 mstari wa kwanza uniambie alitoa nini.